Mwaka Mahakama Iliponitangaza Mtoto Mwema

Mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa Igoma uliovalishwa vitambaa vya zambarau kuanzia dari hadi miguu ya viti, mshereheshaji wa sendofu ya Kabula, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake, alinitambulisha kwa wageni kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi. "Mabibi na mabwana, sasa naomba asimame Baba Mkubwa! Huyu ndiye aliyemlea binti yetu baba yake alipotutoka. Ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemsomesha. Tumpigie makofi kwanza, halafu tumpe kipaza sauti atuambie siri ya malezi bora!" Nikasimama. Suti yangu ilikuwa mpya, na kitambaa chenye jina la kiwanda kilikuwa bado kimeshonewa kwenye mkono wa koti, nikawa nakifunika kwa kiganja. Mama yangu, ambaye siku hizi hatembei bila kushikwa mkono, alikuwa amekaa meza ya mbele akinitazama kwa namna niliyowahi kuiona mara moja tu maishani, ndani ya chumba cha mahakama, mwaka ule tuliodai fidia ya kifo cha mdogo wangu Mabula. Nilichofanya na kipaza sauti nitakisema mwishoni. Kwanza nieleze mwaka wenyewe, maana bila huo msomaji anaweza kudhani nilikuwa naona haya kwa unyenyekevu. Sina unyenyekevu wowote. Naandika makala za magazetini kuhusu wajibu wa wasomi kwa jamii, na juu ya kila makala huwekwa picha yangu nikiwa nimeshika kidevu.

Mwaka ule nilikuwa nasoma sosholojia katika chuo kimoja kule Nyegezi. Nilipanga chumba chenye dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani, na humo ndani nilikuwa naandika insha ndefu kuhusu utegemezi: namna nchi maskini zinavyokula kwa mkono wa nchi tajiri na kupoteza heshima yao. Niliandika kwa uchungu mkubwa, nikiwa nimeshiba. Kila mwisho wa mwezi Mabula alikuwa anakuja na baiskeli kutoka Igoma, amefunga nyuma mfuko wa unga, dagaa waliokaushwa, na wakati mwingine michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo nilikuwa naila na chai nikiwa nasoma. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za cheche. Hakuwa anakaa. Alisimama mlangoni, akautazama mlima wa vitabu vyangu kama mtu anayetazama mashine asiyojua kuiwasha, akasema, "Mama kakutumia." Basi. Kila mara ni hivyo: Mama kakutumia. Nami nilikuwa namwambia amshukuru Mama, akasema sawa, akapanda baiskeli yake akaondoka. Sikuwahi kujiuliza mama, mwanamke wa kuuza mbogamboga kwenye meza moja, alikuwa anayatoa wapi yote yale. Ndiyo maana naogopa wanaposema elimu hufungua macho.

Alikufa Jumamosi mchana, akiwa kazini. Karakana yao ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara ya Musoma, yeye na mwenzake aitwaye Doto, na siku hiyo alikuwa anamalizia geti la mteja mmoja wa Nyakato. Lori la kampuni ya kusaga nafaka likashindwa breki, likaacha barabara, likaingia kibandani. Doto alikuwa amevuka ng'ambo kufuata maandazi. Alituambia kwamba alipiga kelele, lakini mtu anayechomelea husikia mlio wa moto wake tu, na kupitia miwani ile nyeusi haoni kitu kingine zaidi ya pale anapounganisha. Geti lilipona. Mteja hakuja kulichukua. Nadhani aliogopa, na simlaumu. Doto alilileta nyumbani kwa mkokoteni siku ya matanga, akaliegemeza ukutani kwa mama, na Kabula, mtoto wa Mabula, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, akajifunza kusimama kwa kushika nondo zake. Mama wa mtoto alikuwa ameshaolewa Geita na kumwacha kwa bibi yake. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya vyumba viwili walibaki bibi, mjukuu na geti lisilo na ukuta.

Kikao cha ukoo kilimteua mama kuwa msimamizi wa mirathi. Wajomba walitaka niwe mimi, kwa sababu ni mtoto wa kwanza, tena wa kiume, tena msomi. Lakini Wakili Deus, ambaye Doto alikuwa amemsikia akisifiwa karakana ya jirani, alisema hakimu atamwelewa zaidi mama mwenye kilemba kuliko kijana mwenye tai. Wakili Deus alikuwa Mhaya mnene, mcheshi, aliyevaa shati lile lile jeupe ambalo kola yake ilishageuzwa upande wa pili. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo vya plastiki, na feni yake ilizunguka pale tu alipoisukuma kwa rula. Alitueleza kwa uvumilivu kwamba dereva ameshakiri kosa na kulipa faini, kwa hiyo suala la nani ana makosa limekwisha. "Sasa kilichobaki, mama, ni kuthibitisha hasara. Mahakama hailipi machozi. Inalipa unga. Lazima tuoneshe kwamba marehemu alikuwa anawalisha wewe na huyu mtoto, na kwamba angewalisha mpaka huyu mtoto awe mtu mzima." Hicho ndicho kilichokuwa kinagombaniwa mwaka mzima, na ningependa kisisahaulike katika maelezo yangu yote ya kujidharau: Kabula atakula nini na atasoma kwa fedha gani, sasa kwa kuwa mikono iliyokuwa ikimfanyia kazi imezikwa.

Tulikwenda pale mara nyingi kufanya mazoezi. Wakili alimkalisha mama kwenye kiti cha mbao na kujifanya hakimu, kisha akajifanya wakili wa kampuni, kwa sauti mbili tofauti. Chumba kilikuwa kidogo, na Kabula hakukubali kutulia, kwa hiyo mimi nilikaa naye nje kwenye ngazi, mlango ukiwa wazi nusu. Chini yetu wauzaji walikuwa wanagonga ndoo kuonesha hazipasuki. Na hapo kwenye ngazi, mtoto akinivuta masikio, ndipo nilipomsikia mama yangu akitaja, kimoja kimoja, bila haraka, vitu ambavyo Mabula alikuwa anamletea. Unga wa mahindi na wa muhogo, wa kuchanganya. Sukari. Sabuni ya mche. Mafuta ya taa. Mapanki siku za kawaida, samaki sato siku ya Jumapili kama amepata kazi ya geti. Maziwa ya mtoto. Kodi ya nyumba. "Nani mwingine alikuwa anamtegemea?" wakili akauliza kwa sauti yake ya hakimu.

"Kaka yake wa chuo."

"Huyu aliyeko hapo nje?"

"Huyo. Mabula alikuwa anampelekea Nyegezi kila mwisho wa mwezi. Na chumba anakokaa, yeye ndiye alikuwa analipa. Alisema kaka akishiba atasoma vizuri."

Feni ikasukumwa kwa rula. "Hilo la kaka tuliache, mama," wakili akasema. "Litaleta maswali."

"Maswali gani?"

"Watauliza mtoto mkubwa anafanya nini kama mdogo ndiye anayelisha nyumba nzima. Wewe jibu unachoulizwa tu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu."

Nimejaribu mara nyingi kuandika nilichohisi pale ngazini, na kila mara naishia kuandika sentensi nzuri, jambo ambalo linaonesha kwamba siandiki ukweli. Ukweli ni kwamba kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kuangalia kama muuza ndoo wa chini amesikia. Halafu nikakumbuka michembe. Nilikumbuka siku moja nilipomlalamikia Mabula kwamba safari hii dagaa wana mchanga, amwambie mama awe mwangalifu, naye akasema, "Nitamwambia." Mama alipotoka ofisini alinikuta nimesimama, nikamuuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Alishangaa kweli. "Kukwambia nini? Chakula si ulikuwa unakipata?" Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa anasema ametoa. Mabula akileta alisema ni mama. Mama akinipa alisema ni Mungu. Na mimi mpokeaji nilikuwa nakula vyote hivyo na kuandika insha kuhusu utegemezi.

Siku ya ushahidi wa mama tulifika mahakamani mapema, tukakaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wa kesi nyingine. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kuazima vilivyombana, na kila baada ya muda alivivua kisirisiri chini ya benchi. Majirani wa Igoma walikuja pia, nusu kwa huruma, nusu kwa sababu hawajawahi kuona kesi. Doto alikuwa ameshatoa ushahidi wake wa ajali, kwa hiyo alijiona mzoefu akawa anawafundisha wengine namna ya kusema "Mheshimiwa". Wakili wa kampuni alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye sauti ya muuguzi. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa mtu mkali. Wakili Deus alikuwa amemwigiza mkali, akipiga meza na kutoa macho, na mama alikuwa amejifunza kutotishika. Hakuna aliyemfundisha afanye nini akitendewa wema.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mama alijibu maswali ya Wakili Deus kama tulivyozoea, na alipofika kwenye maziwa ya mtoto, hakimu, mzee mwembamba aliyekuwa akiandika kwa mkono, alisimamisha kalamu na kumtazama Kabula. Nilianza kuamini. Kisha yule mwanamke akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa msiba."

"Tumeshapoa."

"Mama, Mungu alikujalia watoto wangapi?"

"Wawili. Sasa mmoja."

"Huyo mmoja ni mkubwa au mdogo wa marehemu?"

"Mkubwa."

"Yuko hapa leo?"

Mama akaninyooshea mkono. Kichwa kimoja kikageuka, kisha kingine, kisha mabenchi yote, hata mshtakiwa mmoja wa wizi wa kuku ambaye kesi yake ilikuwa inafuata. Nilikuwa nimevaa tai. Nilikuwa nimeivaa kwa ajili ya kumpa mama nguvu.

"Anafanya nini huyu mwanao?"

"Anasoma chuo kikuu."

"Hongera sana, mama. Si kila mama amejaliwa hivyo." Alisema kwa dhati, ninaamini hivyo hadi leo. "Sasa nisaidie kuelewa. Huyu ni mtu mzima, ni mtoto wa kwanza, ni msomi. Je, unataka kuiambia mahakama hii kwamba hakusaidii chochote? Kwamba kijana kama huyu hajawahi kumletea mama yake hata sukari?"

Wakili Deus alisimama kupinga, hakimu akamkalisha. Mama hakumtazama wakili yeyote. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeinamisha uso, nimekaza macho kwenye ncha ya tai yangu, masikio yakiwaka, na nyuma yangu mtu mmoja alikuwa ameanza kucheka puani. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti kubwa kuliko yote aliyoyasema siku ile, "Ananisaidia."

"Anakusaidia nini, mama?"

"Kila kitu." Na akaanza kuvitaja. Unga wa mahindi na wa muhogo, wa kuchanganya. Sukari. Sabuni ya mche. Mafuta ya taa. Sato siku ya Jumapili. Alivitaja kwa mpangilio ule ule niliousikia nikiwa ngazini, akavitoa mikononi mwa mwanaye aliyekufa na kunipa mimi, kimoja baada ya kingine, mbele ya watu. "Huyu ndiye anayetulisha," akasema.

"Na marehemu?"

Hapo alisita. Nadhani aliona alikokuwa amefika, lakini hapakuwa na njia ya kurudi isiyopita juu ya uso wangu. "Mabula alikuwa bado mdogo," akasema. "Alikuwa anatafuta maisha yake."

"Ahsante sana, mama. Sina swali jingine."

Nje, chini ya kibaraza, Wakili Deus alizunguka akishika kiuno kama mtu aliyeibiwa. "Mama! Mama yangu! Tumesoma miezi yote hii!" Mama alikuwa amevua viatu vyake na kuvishika mkononi. Doto, ambaye alikuwa na haki ya kusema lolote, alinipiga begani na kusema, "Kaka msomi, hongera. Leo umepata kazi." Watu wakacheka, na mimi pia nikacheka, kwa sababu nilikuwa sijui uso wangu niupeleke wapi.

Jioni ile tulikula ugali na mapanki kwenye chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi, geti limeegemea pale nje, kuku wamelala juu yake. Kwa wasioyajua, mapanki ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya; ukiyakaanga vizuri na kufyonza katikati ya mifupa unapata chakula, lakini ni chakula cha kushughulikia, huwezi kula huku unajidai. Mama alikuwa anamchambulia Kabula nyama karibu na kichwa. Nikamuuliza kwa nini alisema vile. Nilimwambia kwamba ameitupa haki ya mtoto. Nilitumia neno haki mara nyingi, nikiwa na mafuta ya samaki mpaka kwenye vifundo vya mikono. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua, akasema, "Walikuwa wanakutazama."

"Wangenitazama tu, mama. Kutazamwa hakuui."

"Hukujiona wewe. Mimi nilikuona." Akamtia mtoto tonge mdomoni. "Mabula hawamtazami tena. Hana shida."

"Na Kabula atakula nini?"

"Atakula tu, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Mbona anakula sasa hivi?"

Wapo watu waliosikia kisa hiki wakaniambia mama alifanya makusudi: alinibebesha mzigo mbele ya mahakama ili nisiweze kuukimbia. Ningefurahi iwe hivyo. Ingekuwa hila, na mtu akifanyiwa hila ana haki ya kununa. Lakini mimi nilimwona pale ndani. Hakuwa anapanga lolote. Alikuwa mama aliyemwona mwanaye akiwa uchi katikati ya watu, akanyoosha mkono kuchukua nguo iliyokuwa karibu, na nguo hiyo ilikuwa ya mwingine.

Wakili Deus hakukata tamaa. Aliniweka niwe shahidi wa pili wa hasara, baada ya mama. "Wewe sema kweli tupu," akaniambia. "Utaumia lakini utamwokoa mtoto." Nikaona kwamba nimepewa nafasi ya kuwa mtu. Sitaki kuficha kwamba nilijiandaa kama shujaa. Nilimnyoa ndevu mtu aliyekuwa kwenye kioo huku nikimwambia maneno ya kishujaa. Safari hii sikuvaa tai.

"Shahidi," Wakili Deus akauliza, "tangu uanze chuo umewahi kumletea mama yako nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata sukari?"

"Hata sukari. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa analisha nyumba. Alikuwa ananilisha na mimi."

Mabenchi yakanguruma. Nilihisi aibu, lakini aibu safi, ile ya kuoga maji baridi, na nikamtafuta mama kwa macho ili aone kwamba naweza. Alikuwa amejifunika mdomo kwa pembe ya khanga. Yule wakili mpole akasimama.

"Pole, kaka yangu. Unasomea nini?"

"Sosholojia."

"Mama yako alipotoa ushahidi hapa, alikula kiapo?"

"Ndiyo."

"Alisema wewe ndiye unayewalisha?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama yako ni mwongo."

"Mama yangu si mwongo."

"Basi alisema kweli."

"Hapana."

Watu wakacheka kwa sauti. Hakimu akagonga meza. "Shahidi," akasema bila kuinua kichwa, "chagua moja."

Nikasema, "Mheshimiwa, mama alinisitiri."

"Alikusitiri na nini?"

Na hapo, mbele ya mtu aliyeshika kalamu akisubiri, nikiwa na miaka yote ile ya shule, sikuweza kueleza. Nilitazama huku na huku. Nikasema, "Na watu." Hakimu alisubiri kidogo zaidi, kisha nadhani hakuliandika, maana kalamu yake haikusogea. Wakili wa kampuni akasema jambo moja tu la mwisho, taratibu, kwamba kijana anayemkana mama yake wakati kuna fidia inagombaniwa anaeleweka, maisha ni magumu, lakini mahakama ina macho.

Hukumu ilisomwa mwaka ukielekea ukingoni, mvua ikipiga bati kiasi kwamba hakimu alilazimika kupaza sauti. Alisema kampuni inawajibika. Alisema dereva alizembea. Halafu akafika kwenye hasara yetu. Shahidi wa kwanza, alisema, ni mama mzazi ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kupunguza haki yake mwenyewe, na mahakama inamwamini. Shahidi wa pili ana maslahi katika shauri, alibabaika, na maelezo yake yanapingana na mwenendo wa kawaida wa mtoto mwenye elimu katika jamii yetu. Kwa hiyo imethibitika kwamba familia hii ilikuwa ikitunzwa na mtoto mkubwa, na mchango wa marehemu ulikuwa mdogo. Fidia ikapangwa kulingana na udogo huo. Wakili Deus alitaka tukate rufaa. Mama alikataa kurudi tena kwenye chumba kile. Kilichopatikana kiliezeka chumba cha pili na kujenga kaburi, na kwa muda kililisha. Nimekutana na watu waliopewa tuzo za kila aina, lakini sijakutana na mwingine aliyewahi kuapa kwamba yeye si mtoto mwema, mahakama ikamsikiliza kwa makini, na ikamkatalia.

Sasa nifanye haraka, kwa sababu miaka iliyofuata hainipendezi. Nilimaliza chuo. Nilipata kazi mbali na ziwa. Nilituma, na nilipotuma nilituma kwa kuchelewa na kwa ujumbe mrefu wa kueleza kwa nini nimechelewa. Aliyemlea Kabula ni mama, kwa kukaanga mapanki jioni kando ya barabara, karibu na pale ilipokuwa karakana. Sare za shule zilishonwa kwa jasho hilo; mimi nililipia muhula huu nikaruka ule. Doto alisimika miguu ya geti lile kwenye saruji mbele ya nyumba ingawa hapakuwa na uzio, na mama akashikilia kwamba mgeni aingie kwa kupitia getini. Hata asubuhi ya sendofu tulipita pale, watu wazima wenye suti, tukifungua na kufunga geti ambalo pande zote mbili lilikuwa na uwanja mtupu.

Ndivyo nilivyofika na kipaza sauti mkononi. Kabula alikuwa amesimama mbele yangu kwenye gauni lake, mrefu, mwenye mikono ya baba yake. Karibu na mlango wa jikoni niliona Doto, mvi kichwani, ameshika sahani ya pilau. Watu mia kadhaa walikuwa wananitazama. Nikafikiri: safari hii hakuna wakili, hakuna kampuni, hakuna hakimu wa kuniuliza nichague moja, na mwenyewe yuko hapa, ni mtu mzima, ana haki ya kusikia ni nani aliyekuwa anamlisha kabla hajajua kutembea. Nikasema, "Nashukuru kwa makofi, lakini si yangu. Mimi sikumlea Kabula. Mtu aliyekuwa anatulisha sisi sote katika nyumba ile, mimi nikiwemo, alikuwa ni—"

Kigelegele kilitoka meza ya mbele. Kilikuwa chembamba, cha kifua kizee, lakini kilikuwa kirefu, na mama alikuwa amekipandisha juu kabisa huku amenikazia macho. Wanawake wa meza ya pili wakakidaka. Wa nyuma wakakidaka. Ukumbi mzima ukajaa vigelegele, na mshereheshaji, mtu wa kazi yake, akaninyang'anya kipaza sauti kwa upole akasema, "Baba Mkubwa amezidiwa na furaha! Tumwelewe! Muziki tafadhali!" Nikabaki nimesimama katikati ya zulia, mdomo wazi, jina la mdogo wangu likiwa bado ulimini.

Mama alikuwa ananiashiria nikae karibu naye. Nikaenda nikakaa. Kabula akaja, akapiga magoti kama ilivyo desturi, akaniletea kipande cha keki kwa kijiti. Nilikitazama. Nilimwambia mama sikioni, kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa, "Mama, muache mtoto ajue." Alinishika mkono wa koti, pale pale penye kile kitambaa cha kiwanda, akakikunja ndani kisionekane.

"Kula, ng'wanawane," akasema. "Watu wanakutazama."